Vitufe Vitano vya Baba

Baba alirudi nyumbani kutoka hospitali akiwa na neno moja. Neno lenyewe ni "eee", na lilifanya kazi zote: maji, uji, mgongo unauma, mto umeteleza, fukuzeni huyo kuku. Mtu ambaye mnadani alikuwa anapanga bei ya dume mpaka mnunuzi anaondoka anamshukuru kwa kuumizwa, sasa anasema eee, na sisi tumesimama mlangoni tunabahatisha. Siku ya kwanza nilibahatisha mara saba, nikapata mbili. Jioni nilihesabu tena, bado zilikuwa mbili.

Kiharusi kilichukua mkono na mguu wa kulia, kikachukua na ulimi. Akili kiliiacha palepale ilipokuwa, na nadhani hapo ndipo kilipotufanyia ubaya zaidi. Ukimtazama machoni unaona mtu mzima yumo ndani, amekaa, anasubiri uelewe, na anaona kwamba huelewi.

Muuguzi aliyetukabidhi mgonjwa hakuzunguka maneno.

"Kiharusi kimeshamaliza yake," alisema. "Kitakachomuua sasa ni vitu vidogo. Asipokunywa maji. Akibana mkojo. Akilalia upande mmoja mpaka nyama ioze. Akiweza kuomba kwa wakati, ataishi. Asipoomba mtamrudisha hapa, na safari hiyo sina cha kuwaahidi."

"Ataomba kwa mdomo gani, sista?"

"Hilo mnalijua nyinyi wa nyumbani."

Kwa hiyo nisiseme sikuambiwa.

Mimi ni fundi. Natengeneza redio, subufa, chaji za simu, taa za sola, na kila kitu ambacho mwenyewe ameshakipiga makofi kikakataa. Kibanda changu kiko hapa Somanda, Bariadi mjini, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani. Baba tulimtoa Sapiwi, kwenye mji wake, tukamweka chumba kinachofungukia barazani, maana kina dirisha na hakina ngazi. Barazani ndipo mke wangu anaposhonea sare za shule. Cherehani yake inapiga kelele kama mashine ya kukoboa, na mchana kutwa, watoto wakiwa shule, ni yeye tu aliyekuwa nyumbani. Baba akisema eee, cherehani inasema zaidi.

Nikaamua kwamba mtu asiye na mdomo apewe vitufe.

Vitufe vya redio visingefaa. Mkono wa kushoto wa mzee aliyezoea kushika fimbo hauwezi kutafuta kitu cha ukubwa wa punje ya mtama. Nilitaka vitufe vikubwa, vya kupigwa hata na kiganja, na viwake, ili baba ajue kwamba amesikika. Nikaenda kwa muuza vyuma chakavu nyuma ya soko. Alikuwa na mashine ya bonanza iliyokufa, zile za kamari zinazokaa kwenye kona ya baa zikimeza sarafu. Vitufe vyake vilikuwa vitano, kila kimoja kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, kila kimoja na rangi yake na taa yake ndani.

"Hivyo siuzi," alisema kabla sijauliza. Hapo nikajua anauza.

"Nimekuja kutazama tu."

"Umetazama mara mbili, fundi. Mtu wa kutazama tu hatazami mara mbili."

"Bodi imeungua hii. Vitufe bila bodi ni mapambo."

"Basi kanunue mapambo kwa mwingine."

"Spika yako ya kuitia wateja inakoroma tangu Pasaka."

Akaitupia spika jicho. "Inakoroma kidogo tu."

"Inakoroma kama mtu anayekabwa. Watu wanapita wanadhani unaomba msaada."

Akacheka, na mchuuzi akicheka bei imeshashuka. Tukakubaliana: namtengenezea spika, ananipa vitufe vitano, voliumu moja ya kuzungusha na rilei tano, zile swichi zinazojivuta kwa umeme, kutoka kwenye stabilaiza mbovu. Kuhusu waya alikataa katakata. Waya ni shaba, shaba inapimwa kwa kilo, asingeweza kuigawa kama sadaka. Nilikuwa nimeshajiandaa kubishana naye mpaka adhuhuri.

"Unataka kufufua kamari?" akaniuliza.

"Namfanyia baba. Hasemi."

Akanitazama, kisha akaokota mzunguko mzima wa waya akanitupia. "Chukua."

Iliniudhi kidogo. Kitu cha bure hukijui bei yake.

Kazi yenyewe ilinichukua siku tatu, nikiifanya kibandani katikati ya simu za watu. Nilitoboa matundu matano kwenye boksi la plastiki la kuhifadhia chakula, nikavipanga vitufe kwa mstari: cheupe, kijani, cha njano, cha bluu, chekundu. Cheupe maji. Kijani uji. Cha njano nigeuzeni. Cha bluu nina maumivu. Chekundu haja. Baba hakusoma, kwa hiyo juu ya kila kimoja nilibandika picha: kikombe, bakuli, mto, uso uliokunjwa, ndoo.

Boksi la pili lilikuwa la barazani, mbele ya cherehani. Lenyewe lilikuwa na taa tano za rangi zilezile, kengele ndogo, na swichi moja ya kuzima. Kati ya maboksi mawili zilipita waya saba: tano za vitufe, moja chanya, moja hasi. Nilizihesabu mwanzo wa ukuta, nikazihesabu zinapotokea. Baba akibonyeza, rilei inalia tak, inajishikilia, na taa inabaki inawaka pande zote mbili mpaka mke wangu aizime. Hata kama amechungulia sufuria akarudi, taa inamsubiri. Umeme ulitoka kwenye betri ya sola, ili umeme wa Bariadi ukikatika, baba asikatike.

Ile voliumu niliiweka kwenye boksi la baba, sio la barazani. Niliona mtu aliyenyang'anywa sauti angalau aamue mwenyewe apige kelele kiasi gani. Ndicho kitu pekee katika mashine ile ambacho bado nakionea fahari.

Na msidhani sikufikiria heshima. Mimi ni Msukuma, nimezaliwa Sapiwi, najua mkaza mwana na baba mkwe wanavyokaa. Tulipanga. Maji na uji mke wangu anaingiza, anapiga magoti, anainamisha macho, anatoka. Kugeuza na haja, hagusi. Taa ikiwaka anaita mzee jirani, ukuta kwa ukuta, mstaafu, rika la baba. Mzee huyo asipokuwepo, ananipigia simu nakuja mbio. Hakuna mahali ambapo mke wangu angeona kitu asichopaswa kukiona. Nilipitia mpango huo mara mbili, kama ninavyopitia kila kitu.

Siku ya kufunga, baba alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Nikamwekea boksi mapajani, nikamwonyesha kimoja kimoja. Alikitazama kitufe cheupe kwa muda. Kisha mkono wa kushoto ukanyanyuka, ukaenda upande, ukarudi, ukakipiga. Tak. Taa ikawaka, kengele ikalia barazani, cherehani ikanyamaza, na mke wangu akaingia na kikombe cha maji. Baba akanywa. Akanitazama. Nusu ya mdomo wake iliyokuwa bado inamtii ikacheka.

Siku ile alibonyeza maji mara tisa. Sidhani kama kiu yote ile ilikuwa kiu.

Nilikuwa nimemwachia mke wangu daftari kando ya cherehani, apige mstari kila taa inapowaka. Ufundi ni hivyo. Kitu kipya unakifuatilia. Jioni nikirudi nahesabu mistari. Siku ya pili maji nane, uji mara tatu, kugeuzwa mara nne, maumivu mara moja. Chekundu sifuri. Siku ya tatu maji sita, chekundu sifuri. Siku ya tano maji matatu, chekundu sifuri.

Na shuka zilikuwa zinalowa. Si kila siku, lakini zinalowa, na mimi nikirudi saa kumi na mbili nilikuwa namkuta amekaza taya, jasho usoni, na nikimwekea chombo inakuwa kama mtu aliyefungua koki ya tanki.

Nikafanya alichofanya kila fundi tangu dunia iumbwe: nikalaumu kifaa. Nililifungua boksi, nikakipima kitufe chekundu kwa mita. Kizima. Nikabadilisha waya yake. Nikailehemu upya miguu yake yote minne. Nikabonyeza mwenyewe mara kumi, taa ikawaka mara kumi. Kisha nikakuta voliumu imezungushwa mpaka chini kabisa, kengele hailii, nikafikiri ameigusa kwa bahati mbaya. Nikaipandisha. Kesho yake nikaikuta chini tena.

"Labda anaona aibu kutumia mkono wa kushoto," nilimwambia mke wangu. "Kumwomba mtu kwa kushoto."

"Labda," alisema, akipitisha uzi kwenye sindano.

"Mbona maji anaomba kwa kushoto hukohuko?"

Alilamba ncha ya uzi. Uzi ulikuwa umekataa kuingia.

Nikaenda kumhutubia baba. Nilimwambia kitufe hakina umri, ukikipiga kwa kushoto hujamtukana mtu. Nilimwambia tena maana ya chekundu, polepole, kwa sauti kubwa, kama anavyoambiwa mtu mjinga. Nikachukua mkono wake, nikaubonyeza juu ya chekundu kwa nguvu yangu mimi. Tak. Barazani cherehani ikanyamaza. Baba akageuza uso ukutani. Nilisikia mke wangu anainuka, anaita kwa jirani, "Mzee, njoo, baba anakuhitaji," na nikaona shingo ya baba imekakamaa, mishipa imesimama, na sikuelewa kitu. Nilifikiri ni maumivu. Nilimwambia abonyeze cha bluu.

Hilo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko hesabu yoyote niliyowahi kuifanya.

Wiki ya tatu alikuja shangazi, dada yake baba wa tumbo moja, kutoka Kalemela alikoolewa. Alishuka na mfuko wa dagaa na maneno yake yote. Alimsalimia baba kwa Kisukuma, wakatazamana, akamfuta udenda kwa khanga yake kisha akatoka barazani kukagua.

"Na hili dude lenye macho matano ni nini?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa maringo kidogo, si kitu cha kuficha. Hii maji, hii uji, hii kugeuzwa. Alikuwa anaitikia, "Aise! Aise!" anapiga makofi.

"Na hii nyekundu?"

"Haja. Baba akitaka kujisaidia."

Makofi yakakoma. Akalitazama boksi, akaitazama cherehani, akakitazama kiti cha mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa amekwenda kisimani.

"Hapa anakaa nani?"

"Mke wangu."

"Kwa hiyo kaka yangu akibanwa na mkojo, inawaka taa mbele ya mkaza mwana wake."

"Yeye hagusi, shangazi. Anaita jirani."

"Nimekuuliza kugusa mimi? Nimekuuliza anajua?"

Nikaigusa swichi ya kuzima, nikaiacha.

"Wewe umekaa na baba yako miaka mingapi?" akasema. "Umewahi kumwona akienda chooni? Hebu sema. Umewahi?"

Nikafikiria. Nikafikiria tena. Sikuwahi. Miaka yote ya Sapiwi, baba alikuwa anachukua fimbo, anasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Usiku anakwenda kuangalia ng'ombe. Kukiwa na wageni, hasa wake za wanawe, alizunguka zizi zima, akatokea upande wa pili, akarudi na fimbo yake na habari za ndama. Zizi lilipobaki na ng'ombe wawili bado alikuwa anakwenda kuwaangalia mara tano kwa siku.

"Mtu huyo," shangazi alisema, "wewe umemfungia taa. Nyekundu. Ungemnunulia na tarumbeta."

Angecheka, ni mtu wa kucheka. Hakucheka.

Hapo kila mstari wa daftari ukajipanga wenyewe. Asiyetaka kukojoa hanywi maji. Maji tisa, nane, sita, matatu. Jana yake ilikuwa maji mara moja. Mashine yangu haikuwa na hitilafu hata moja. Ilikuwa inaniambia kila jioni kwamba mzee anajinyima maji ili asiwashe taa, na mimi nilikuwa namwonyesha mke wangu jinsi mistari ilivyonyooka.

Sikusubiri kula. Niliitoa ile waya ya tano, ya chekundu, kutoka kwenye boksi la barazani, nikatoboa ukuta kwa patasi, nikaipitisha kwa mzee jirani moja kwa moja pamoja na rilei yake na kengele ndogo ya umeme niliyokuwa nayo. Tundu la taa nyekundu barazani nililiziba kwa tepu nyeusi. Mzee jirani alisimama ananitazama na mswaki mdomoni.

"Kwa hiyo sasa mimi ndiye wa kuitwa kwa kengele?"

"Samahani, mzee."

"Samahani ya nini? Miaka thelathini nimefanya kazi ya kuitwa kwa kengele na watu nisiowapenda."

Nikarudi kwa baba. Sikumhutubia. Nilimwonyesha kitufe chekundu, nikamwonyesha ukuta wa jirani. Nikafunika macho yangu kwa kiganja, kisha nikaelekeza kidole barazani: kule hawaoni. Alinitazama muda mrefu. Nilitoka nje nikafunga mlango.

Nilikuwa sijafika getini nikasikia kengele kwa jirani, na yule mzee anatoka anavuta kandambili, anasema kwa sauti ya mtaa mzima, "Haya, mwenzangu, twende tukaangalie ng'ombe." Shangazi alikuwa ameshapita kwake kabla yangu.

Siku nne tu. Chekundu mara tano, mara sita, mara sita, mara tano. Mzee jirani alikuwa anapiga mistari yake kwa mkaa ukutani. Na maji yakapanda: manne, saba, kumi, kumi na moja. Ile kumi na moja nilidhani ni uzima unarudi. Ilikuwa homa. Asubuhi ya siku ya tano tulimkuta anatetemeka, macho yameingia, na mkono wa kushoto unapapasa boksi bila kujua kitufe kipi ni kipi. Aliwasha vyote vinne vya barazani kwa pamoja.

Hospitali daktari alimpima, akatazama majibu, akaniuliza ni muda gani mgonjwa amekuwa hanywi maji ya kutosha na anabana mkojo. Ndugu wengi huwa wanasema, "Siku kadhaa hivi." Mimi nilikuwa na daftari. Nilimwambia siku kumi na tatu, na nikamtajia vikombe vya kila siku. Aliandika. Hakuniuliza, kama nilikuwa na hesabu nzuri namna ile, nilikuwa nasubiri nini. Akasema tu figo zimelemewa, na uchafu wa mkojo umeingia kwenye damu.

Baba alifariki siku ya tatu, mchana, nikiwa nimemshika ule mkono wa kushoto. Tulimzika Sapiwi, upande wa zizi.

Tuliporudi Somanda baada ya matanga, nilikaa barazani na bisibisi kulifungua boksi. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, hashoni.

"Baba watoto."

"Naam."

"Mimi nilijua."

Bisibisi ikasimama.

"Ile siku ya pili. Nilimsikia ndani anahangaika, nikatazama taa, haiwaki. Nikajua anaona aibu yangu. Nikawa natoka makusudi, nakwenda kisimani, nakwenda dukani bila cha kununua, ili abonyeze nisipokuwepo. Nikirudi taa haijawaka. Alikuwa anasikiliza cherehani. Ikinyamaza, anajua nimeinuka, hajui nimekwenda wapi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje?" Sauti yake haikupanda. "Nikwambie nini? Kwamba nakaa hapa nafikiria mkojo wa baba mkwe? Wewe ungemwambia mama yangu maneno hayo?"

Nilifikiria mama yake, mkwe wangu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa sijawahi kula mbele yake hata kipande cha muhogo. Nisingemwambia.

"Kila jioni unanionyesha daftari," alisema. "Nilikuwa nasema moyoni, leo ataona. Leo ataona."

Aliinuka, akashika cherehani kwa upande mmoja akaanza kuiburuta kuitoa mbele ya mlango ule wa baba. Ni nzito, ina miguu ya chuma. Nikaweka bisibisi chini, nikashika upande wa pili, tukaibeba mpaka mwisho wa baraza, kunakotazama barabara.